Kuutazama Mti na Kuupiga Picha

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo si dogo.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu alinijia, simu i mkononi, akaniuliza: "Sheikh, je, kupiga picha miti ni kupoteza wakati?" Akanionyesha picha alizozipiga kwa muda wa mwaka mzima, zote za miti ya hapa hapa Mombasa: mibuyu ya kando ya bahari kule Mama Ngina, mkungu uliogeuka majani mekundu kabla ya kupukutika, mkwaju, miembe. Katika hizo iko moja ya mwarobaini ulioniajabisha. Shina lake limepinda kama mzee aliyeegemea bakora, na mwanga wa asubuhi umepenya matawini. Nikamwuliza mti ule uko mji gani. Akainamisha macho kwa haya, akasema: "Ni huu wa nje ya msikiti wetu, Sheikh."

Miaka kumi na minane nilikuwa nikipita chini ya mti ule mara tano kwa siku. Kivuli chake nimekikalia, nimesomesha chini yake, na wenyewe sikupata kuuona. Na la kunitia haya zaidi, juma lile lile mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliokubali ukatwe, kwa kuwa majani yake yaziba milizamu ya paa. Nilikubali kwa neno moja tu, bila ya kutoka nje kwenda kuutazama.

Basi yampasa kijana yule apate jawabu. Kwanza ni hukumu yake. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akamwambia kuwa maisha yake yatokana na kazi ya kutengeneza picha. Ibn Abbas akamhadharisha kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kisha akamwongoza kwamba, ikiwa hana budi, na afanye picha za miti na vitu visivyo na roho. Khitilafu ya wanavyuoni juu ya kamera na sura za wenye roho ni ndefu, lakini mti hauingii humo kwa kauli ya walio wengi. Kwa hiyo, kuupiga picha mti ni halali.

Lakini si kila lililo halali lina faida. Hapa tuuangalie mzizi wa swali, nao ni kutazama. Katika Suratul-An'aam Mwenyezi Mungu, baada ya kutaja mitende na mizabibu na mizaituni na mikomamanga, ametuamrisha tuyatazame matunda yanapozaa na yanapoiva. Hebu tulifikiri neno hili. Hakutaja kula hapo, ametaja kutazama. Na baina ya tunda kutoka na kuiva kuna siku nyingi, basi anayeifuata amri hii hana budi kuurudia mti ule ule tena na tena. Watoto wetu wala mabuyu kila siku, lakini ni wangapi katika sisi waliopata kuliona ua la mbuyu, kubwa na jeupe, lifungukalo usiku na kunyauka upesi?

Atasema msemaji: "Je, huku si kuwarudisha watu kwenye kuitukuza miti?" Ni swali la haki. Pwani hii tumekuwa na mibuyu inayofungwa vitambaa na kufukiziwa ubani, na kuuomba mti ni upotofu usio na shaka. Lakini mimi naona tumekosa mahali pamoja. Tuliwakataza watu kuuomba mbuyu, tukasahau kuwafundisha kuutazama. Tukatoka katika kuuogopa tukaingia katika kutoujali, na huku pia si kumshukuru aliyeuumba. Katika Suratu Qaf tumeambiwa kwamba mimea mizuri imeoteshwa iwe ni ukumbusho kwa kila mja mwenye kurejea kwa Mola wake. Basi atakumbukaje asiyeona?

Lakini na kamera nayo ina hatari yake. Mtu aweza kuupiga picha mti ili asiutazame. Huinua simu, hubonyeza, huenda zake, na mti umekuwa ni kitu chake cha kujionyesha. Huyu ni kama mwenye kuzungusha tasbihi huku moyo uko sokoni.

Kwa upande wa pili, picha ni ushahidi. Mwaka 2022, kule Kilifi, mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe mpaka nchi ya Georgia. Waliokuwa na mashamba walilipwa fedha, nasi hatumlaumu mwenye dhiki. Watu wengi hawakuiona mibuyu ile ila katika picha, imelazwa na kufungwa, na wengi walihuzunika na kulalamika. Mwezi wa Novemba mwaka ule Rais Ruto aliamuru jambo lile lichunguzwe. Lakini huzuni ile ingetufaa zaidi kama ingalitangulia, mibuyu ilipokuwa ingali imesimama.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: hukupoteza wakati, lakini umebeba amana. Aliyeshuhudia hana ruhusa ya kuficha ushahidi. Ukiupiga picha mti, ujue jina lake, uondoe taka zilizotupwa chini yake, kwani Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha na kukichafua kivuli cha watu. Na ukiweza, panda mwingine, kwa maana akilacho ndege au mtu au mnyama katika alichopanda Mwislamu huandikwa kuwa ni sadaka yake.

Kisha nikaichukua picha ile nikaenda nayo kwa wenzangu wa msikiti. Nikawaambia kwamba kauli yangu ya kwanza niliitoa bila ya kuona, nami naiondoa. Wako waliocheka, na wako waliosema kwamba sheikh ameanza kuzeeka. Mzee mmoja aliishika simu muda mrefu, kisha akasema kwamba baba yake alikuwa akikaa hapo. Mwisho wakakubali tungoje mpaka masika yapite, kwa sharti kwamba milizamu isafishwe kila juma.

Kazi hiyo wametupa mimi na kijana yule. Yeye hupanda ngazi, nami hufagia majani. Na anayeona kuwa kukata kulikuwa bora, twamwomba kwanza atoke nje akautazame, kisha atwambie.

Wallahu a'lam.