Mkataba Ukiisha, Mchezaji si Msaliti

Nikiwa nyumbani Same nimewakuta vijana wakibishana: je, Feisal Salum alikosea kutaka kuiacha Yanga Desemba 2022? Nasema alikosea, kwani mkataba ulikuwa haujaisha, na Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba. Juni 2023 alikwenda Azam kwa makubaliano ya klabu. Hilo halina ubaya.

Lakini mkataba ukiisha, mchezaji ni huru. Mimi niliwahi kumnunia kibarua wa shamba langu la tangawizi kule Mamba, aliyehamia kwa jirani baada ya msimu. Nilipojihesabu nikakumbuka: kila mara nilimchelewesha ujira wake.

Ndugu Waislamu, lawama hazimzuii mtu. Anayetendewa haki hukaa mwenyewe. Wallahu a'lam.