Mchezo ni Mmoja, Njia za Kuucheza ni Nyingi

Mzazi Muislamu akimkuta mwanawe anacheza, kwa kawaida huuliza: "Unacheza nini?" Akijibiwa mpira, anaridhika. Akijibiwa karata, anakasirika. Ni wachache wanaouliza swali la pili: "Mnacheza vipi?" Nami nilikuwa miongoni mwa wasiouliza, mpaka nilipofundishwa na watoto wa Kilangali.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Kilangali, wilayani Kilosa, kumtembelea kaka yangu. Kilangali ni nchi ya mpunga, na serikali ina shamba lake la mbegu huko. Wakati wa mavuno watu wazima wako mashambani, watoto wanabaki chini ya mwembe. Mwanangu, ambaye ni mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa amebeba boksi lake la karata. Si karata za kopa na shupaza tulizozizoea. Ni zile zenye picha za viumbe wa kubuni, kila karata na nguvu zake zimeandikwa kwa namba. Huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui ndani kuna zipi mpaka aifungue.

Sheria za mchezo huo zimeandikwa kwa Kiingereza, tena kirefu. Watoto wa pale hawakuwa na haja nazo, wakatunga za kwao. Katika muda wa siku tano ukawa na njia tatu.

Njia ya kwanza: karata zote zinawekwa pamoja, zinachanganywa, kila mtoto anagawiwa idadi sawa. Wanashindanisha namba, na mwenye kubwa anachukua ya mwenzake. Mchezo ukiisha, zote zinarudi boksini. Njia ya pili: karata inalazwa kifudifudi, inapigwa kwa kiganja, ikigeuka imeliwa. Nazo mwishoni zilirudi boksini. Njia ya tatu ilianzishwa na kijana mmoja mkubwa kidogo. Huyu alisema mchezo usio na kitu hauna ladha. Basi asiye na karata aweke gololi. Gololi zilipokwisha, ikawa shilingi.

Siku ya Ijumaa mtoto wa kaka yangu alitumwa dukani kununua sukari. Alirudi bila sukari na bila fedha, na shati limechanika. Ameliwa, akadai ameibiwa, wakashikana mashati. Wakati huo adhana ya Alasiri ilikuwa imeshapita na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka.

Kaka yangu alitaka boksi lichomwe moto, na mimi sikuwa na neno la kumjibu. Aliyetuokoa ni ustadh wa madrasa yao, mzee mtaratibu. Alikaa kwenye gogo, akawaambia watoto: "Nionyesheni mnavyocheza." Wakamwonyesha njia zote tatu. Baada ya kila moja aliuliza maswali mawili tu. Nani ameondoka na kitu ambacho hakuja nacho? Na nani amekipoteza?

Katika njia mbili za kwanza jibu lilikuwa: hakuna. Katika ya tatu watoto walitazama chini. Ustadh akaipiga marufuku ya tatu, fedha na gololi zikarudishwa kwa wenyewe, na zile mbili akaziwekea mpaka: adhana ikitolewa, boksi linafungwa.

Nilifurahi. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, baba, karata hizi umezipataje?" Nikamweleza habari ya pakiti: kwamba kuna karata adimu ambayo mwanangu alikuwa anaitafuta, kwamba nilinunua pakiti moja haikuwemo, nikanunua ya pili, ya tatu, mpaka nikaacha kuhesabu. Ustadh akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Kumbe na wewe ulikuwa unacheza."

Ndugu msomaji, neno hilo nilisafiri nalo mpaka Dar es Salaam. Ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na lililo wazi. Qur'an imeharamisha maysir, yaani kamari, katika Suratul Maida (5:90), na aya inayofuata inatoa sababu: shetani hutaka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Allah na wasiswali. Tazama yaliyotokea chini ya mwembe siku ile ya Ijumaa: uadui ulikuwepo, chuki ilikuwepo, na swala ilipita. Kana kwamba aya ilikuwa inawaelezea watoto wale.

Lakini wafasiri wanatueleza jambo jingine kuhusu maysir ya Waarabu wa zama za Jahiliya. Walichinja ngamia, wakapiga mishale kumi. Saba ilikuwa na mafungu, mitatu ilikuwa mitupu. Waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa gharama. Na washindi wengi hawakula nyama ile, waliwapa masikini na kujifaharisha kwa ukarimu wao. Yaani kamari ile ilikuwa na sura ya sadaka. Suratul Baqara (2:219) haikukanusha kwamba ndani yake mna manufaa kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kwa hiyo anayetetea njia ya tatu kwa kusema "watoto wanajifunza hesabu" au "mshindi huwanunulia wenzake maandazi" hajaleta hoja mpya. Hoja hiyo ilikuwepo, ikapimwa, ikashindwa.

Mchezo wenyewe je, ukiondolewa dau? Hapa wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, aliichukia sataranji lakini hakuifikisha kwenye haramu, wakati wanazuoni wengi wengine waliiharamisha. Mchezo wa dadu uliwekewa makatazo makali zaidi katika hadithi. Katika kueleza tofauti hiyo, baadhi ya mafakihi walisema sataranji msingi wake ni fikra na hesabu, na dadu msingi wake ni kubahatisha. Kwa kipimo hicho bao letu la kete liko upande wa hesabu. Karata hizi za picha ziko katikati: unachogawiwa ni bahati, unavyokitumia ni akili. Basi asiyezitaka kabisa ana hoja yake, na anayeziruhusu kwa masharti ana hoja yake. Ugomvi wangu leo si na yeyote kati ya hao.

Tukirejea kwenye asili ya mchezo wenyewe, tutaona kwamba swali la Kilangali si geni. Mwaka 1993 huko Marekani, mtaalamu wa hisabati Richard Garfield alitoa mchezo uitwao Magic: The Gathering, ambao ndio uliofungua mlango wa karata za kukusanya zenye mchezo ndani yake. Katika kanuni zake za mwanzo, kila mchezaji alitoa karata moja kutoka katika fungu lake na kuiweka kando kabla ya kuanza, na mshindi alizichukua. Hiyo ndiyo njia ya tatu ya Kilangali. Baada ya miaka michache iliachwa. Wachezaji wenyewe hawakupenda kupoteza karata walizozinunua. Watu wasiosoma aya yetu walifikia mlango uleule kwa kuumia.

Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuzuia Pokémon, karata zilizoanza Japani mwaka 1996. Fatwa ile ilitaja mambo kadhaa, na mojawapo ni kwamba mchezo umefanana na kamari, kwa kuwa karata zenye thamani tofauti zinashindaniwa na kuuzwa. Wapo waliowacheka. Lakini mwaka 2018 Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, iliamua kwamba visanduku vya bahati vinavyouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya kompyuta ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Mtoto analipa fedha, anafungua, hajui atapata nini. Tofauti yake na pakiti ya karata iko wapi, ila kwamba moja ni ya karatasi?

Tuwe waadilifu. Atasema mtu: mnunuzi wa pakiti haondoki mikono mitupu. Amelipia karata kadhaa na kadhaa amezipata, basi hii ni biashara. Hoja hii ina uzito. Inafanana na mjadala wa soda zenye zawadi chini ya kizibo. Wapo wanazuoni waliosema: ukinunua soda kwa kiu yako, kwa bei ileile ya siku zote, zawadi ni ziada. Wapo waliozuia moja kwa moja. Lakini hata wanaoruhusu wanakutazama unanunua kwa nia gani. Anayenunua kreti nzima na kumwaga soda ili aone vizibo, huyo hakununua soda. Na mimi, pakiti ile ya nne na ya tano, sikununua karata. Nilinunua tamaa ya karata moja. Zilizobaki nilizitupia boksini bila kuzitazama.

Hapo ndipo nilipoona kwamba njia za kuucheza mchezo huu hazianzii mezani, zinaanzia dukani. Mezani kuna njia ambayo kila mtu huja na karata zake za nyumbani, na hapo mtoto wa mwenye fedha hushinda kabla hajaketi. Kuna njia ambayo wachezaji hufungua pakiti, kila mmoja anachagua karata moja na kumpitishia jirani zinazobaki, mpaka ziishe. Na kuna njia ya boksi moja la wote. Watoto wa Kilangali waliichagua hii ya mwisho kwa sababu hawakuwa na jingine, na bila kujua wakawa wamechagua iliyo adilifu kuliko zote. Mwanangu, aliyekuwa bingwa mtaani kwetu kwa nguvu ya mfuko wangu, alishindwa pale siku ya kwanza na mtoto asiye na viatu. Na aliporudi nyumbani, habari aliyoisimulia kwa furaha ni ile.

Msishangae basi kijana wa miaka ishirini anapopeleka ada ya chuo kwenye kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inatoa leseni na kukusanya kodi. Kumfundisha mtoto si kazi yake. Kijana yule hakuanza kwenye mkeka wa mechi. Alianza na baba aliyemzoesha kwamba kitu kizuri hupatikana kwa kulipa na kubahatisha, na ukikosa, lipa tena. Samaki mkunje angali mbichi.

Nyumbani kwangu sasa tuna utaratibu. Hatununui pakiti iliyofungwa. Mtoto akitaka karata fulani, ananunua ile aionayo kwa macho au anabadilishana na mwenzake, kila mmoja akijua thamani ya anachotoa, maana mkubwa kumghilibu mdogo nako ni dhulma. Hachezi ya kula. Na boksi ni moja, la watoto wote wa mtaa.

Nawe msomaji, leo usiku usimuulize mwanao anacheza nini. Kaa naye, mwambie akuonyeshe. Kisha uliza maswali mawili ya ustadh wa Kilangali, na uwe tayari ukiulizwa la tatu.

Wabillahi tawfiq.