Ukuta Ulioshiba

Mjukuu wangu, weka simu chini, ukae hapa barazani. Umenionyesha yale mabodi ya jipsamu yenye nta ndani, ukasema nyumba yako ya Kisauni haitataka kiyoyozi. Sikukatazi. Nimechoka tu kuona watu wakijenga mara mbili.

Ile chupa ya mafuta ya nazi ya bibi yako unaijua. Asubuhi ya kipupwe huganda mpaka shingoni, akaianika juani ndipo apate ya kupaka. Mafuta yale huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na yakiyeyuka hunywa joto jingi bila yenyewe kuzidi moto. Ndilo joto fiche mlilosomeshwa. Kilo ya barafu, kule kuyeyuka tu, hunywa joto la kutosha kuyatoa maji yake nyuzi 0 mpaka 80! Nta ya ukutani ni hivyo hivyo: mchana hunywa, usiku hutema.

Haya, kaskazi hii, mafuta ya bibi yako umeyaona yameganda hata usiku mmoja?

Utaniambia ipo nta ya nyuzi 28. Ipo. Lakini huku pwani, kaskazi, hewa ya nje usiku ni 25 au 26, nawe madirisha umeyafunga kwa kuogopa wezi. Joto litatokea wapi? Utaamka na ukuta ulioshiba, na jua ndilo hilo linapanda. Nairobi usiku una baridi, huko ningekuachia. Na nta hushika moto, usilisahau hilo.

Wenzako walitangulia. Mwaka 1948, Dover, Massachusetts, mwanasayansi Maria Telkes na msanifu Eleanor Raymond walijenga nyumba ya kupashwa joto na jua peke yake. Walijaza chumvi ya Glauber, iyeyukayo kwenye nyuzi 32, ndani ya mapipa ya chuma. Mwanzo ilikwenda vizuri. Baada ya kuyeyuka na kuganda mara nyingi chumvi ikajitenga, nzito chini, maji juu. Mapipa nayo yakaliwa na kutu, yakavuja. Telkes hakuwa mjinga, mjukuu wangu.

Kile kipimajoto chako kitundike chumbani mwako. Saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, kisome uandike, kaskazi yote. Kisha niletee daftari, siyo simu. Sasa nishike mkono niinuke, mgongo huu haunitaki.