Urafiki na Daftari

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zaonekana kupingana. Ya kwanza yasema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ya pili yasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Moja yatufundisha kutoa pasipo kuhesabu. Nyingine yatufundisha kuhesabu kila kitolewacho. Je, mataifa mawili yaliyo marafiki, nayo yafanya biashara pamoja, yaifuate ipi? Uhusiano wa Tanzania na Zambia watufaa sana katika kulichunguza swali hili.

Zambia ilipopata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964, haikuwa na bahari, na njia kuu ya shaba yake ilipita Rhodesia ya Kusini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na punde Zambia ikakosa mafuta. Hapo ndipo malori yalipoanza kupanda kutoka Dar es Salaam katika barabara ya udongo, yakizama matopeni wakati wa masika na kupinduka milimani. Mwaka 1968 bomba la mafuta lenye urefu wa kilometa 1,710 likafika Ndola.

Kisha ikaja reli. Benki ya Dunia iliyapima mapato yake ikaona kuwa haifai kujengwa. Jamhuri ya Watu wa China ilikubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza mwaka 1970, na mwezi Julai 1976 nchi zetu mbili zikakabidhiwa reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kila moja ikiwa na nusu yake. Ni dhahiri kwamba kama tungalisikiliza daftari peke yake, reli hiyo isingalijengwa. Daftari halikuwa na safu ya kuandikia thamani ya taifa kutopigishwa magoti na jirani mbaguzi.

Lakini hadithi haiishii hapo, na si haki tuifupishe ili itupendeze. Mwezi Oktoba 1978 Zambia iliifungua tena njia ya kusini, iliyokuwa imefungwa tangu mwaka 1973. Uamuzi huo uliwasononesha viongozi wa Tanzania na Msumbiji, kwani vita vya ukombozi wa Zimbabwe vilikuwa bado vikiendelea. Ni rahisi kwetu kusema kwamba rafiki alitugeuka. Hata hivyo, hatuna budi kujiuliza: kwa nini? Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa imelemewa na shehena, na reli ilikuwa na upungufu wa vichwa vya treni na mabehewa. Mbolea ya Zambia ilikuwa ikingoja, na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni. Mvua haimsubiri mkulima, wala mahindi hayastawi kwa hotuba za udugu.

Kwa hiyo, aliyeshindwa kuupeleka mzigo kwa wakati, naye alikuwa na sehemu yake katika kuudhoofisha urafiki. Twasema hivi si kwa kuwalaumu waliofanya kazi usiku na mchana gatini, bali kwa sababu mara nyingi hudhani kwamba rafiki atatuvumilia, na hivyo kazi yake tukaifanya mwisho. Kumbe rafiki ndiye anayestahili kazi safi kuliko wote, maana yeye ametuamini pale ambapo mgeni angedai dhamana.

Vijijini kwetu, mtu akiazima jembe kwa jirani, hulirudisha siku aliyoahidi, tena likiwa limesafishwa. Hakuna mkataba ulioandikwa, lakini hesabu ipo. Anayelirudisha likiwa na udongo hajavunja sheria yoyote. Amepunguza tu uwezekano wa kuazimwa tena.

Hivyo methali zetu mbili hazipingani. Ile ya kwanza hutuambia kwa nini tushirikiane. Ya pili hutuambia jinsi ya kudumu katika ushirikiano. Urafiki ndio ulioijenga reli, lakini behewa likitakiwa Jumatatu, urafiki wataka lifike Jumatatu.