Maelezo Yasiyo na Msemaji

Tuseme kwenye mkusanyo wa sanaa mtandaoni kuna picha ya kipande cha mwanzi kilichokatwa chini ya pingili na kupigwa picha mbele ya kitambaa cheupe. Chini yake pameandikwa: chombo, mwanzi, Afrika Mashariki, halafu vipimo na namba ya orodha. Mtu wa Njombe akiiona picha hiyo hatahitaji vipimo. Ataona mbeta, ile inayofungwa kwenye chipukizi la mlanzi lililokatwa ncha ili kukinga maji yake wakati wa mvua. Atajua kwamba mgema huupitia mlanzi asubuhi na jioni, akiukata tena kidogo kila mara, na kwamba maji hayo, yaani pombe ya ulanzi, huanza kuchacha humohumo ndani ya mbeta, kiasi kwamba chombo kilichooshwa na kukaushwa kwa ajili ya kabati la makumbusho kimeshapoteza sehemu ya kazi yake. Maelezo ya makumbusho si ya uongo. Mwanzi ni mwanzi, na Njombe iko Afrika Mashariki. Tatizo ni kwamba hayasemi ni nani aliyeamua kuwa mambo hayo machache ndiyo ya kusemwa na mengine yote yaachwe.

Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba maelezo ya mtu binafsi, yaliyoandikwa kwa jina lake na kuonyesha anajuaje anachokisema, si pambo la kuongezwa baada ya wataalamu kumaliza kazi. Ni sehemu ya elimu yenyewe ya mkusanyo, na kwa mkusanyo wa mtandaoni ni sehemu ya lazima. Sauti isiyo na mwenyewe huonekana kuwa ya haki kwa sababu inadhaniwa haina upande. Lakini hakuna maelezo yasiyo na upande. Yapo yanayouonyesha na yapo yanayouficha. Ukionyeshwa, msomaji anaweza kuuliza, kupinga, kusahihisha. Ukifichwa, anabakiwa na mambo mawili tu, kuamini au kuondoka.

Mfano wa karibu uko Berlin. Kati ya mwaka 1898 na 1900 daktari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, Friedrich Fülleborn, alishiriki safari ya utafiti ya Ziwa Nyasa na milima ya Ukinga, eneo ambalo leo ni Makete, mkoani Njombe. Alipima watu, alipiga picha, alikusanya vitu, na mwaka 1906 kitabu chake kikubwa kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma kilichapishwa Berlin. Maofisa, madaktari na wamisionari wa namna yake ndio waliojaza bohari za Makumbusho ya Ethnolojia ya mji huo, na leo kumbukumbu nyingi za bohari hizo zinaweza kutafutwa na yeyote mwenye simu na bando. Muundo wake unafundisha. Kuna nafasi ya jina la mkusanyaji, na mara nyingi imejazwa. Jina la aliyesuka, aliyefua au aliyefinyanga kwa kawaida halipo, kwa sababu wakati wa kuandika hakuna aliyeliuliza. Kwa hiyo kumbukumbu inayoonekana kutokuwa na mtu ina mtu ndani yake tangu mwanzo. Ila ni mmoja tu, aliyefika na bunduki za wenzake nyuma yake, na sauti yake imegeuzwa ikawa kama sauti ya kitu chenyewe.

Hata jiografia imebaki ya kwake. Ukinga wakati huo ulihesabiwa katika wilaya ya Langenburg. Baada ya uhuru, kwa miongo mingi, Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa, hadi ulipoanzishwa mkoa wake mwaka 2012. Mwanafunzi wa Makambako anayeandika "Njombe" kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuambiwa hakuna kitu, ilhali vitu vya mkoa wake vimekaa chini ya jina la Kijerumani ambalo hakuna anayelitumia tena. Sentensi moja ya mtu anayeijua nchi, inayosema kwamba hapa ni Makete ya leo na mimi ninayesema ni mwenyeji wa huko, ingemfungulia mwanafunzi huyo bohari nzima.

Wapo watakaosema kwamba sanaa haihitaji mkalimani. Kitu kizuri kitazamwe, maneno yanakiharibu. Naiheshimu hoja hii inapotolewa mbele ya kitu chenyewe, pale mtu anapoweza kukizunguka, kukinusa na kuuona ukubwa wake kando ya mwili wake mwenyewe. Mtandaoni kitu kimeshanyang'anywa uzito, harufu na mgongo. Kilichobaki ni pembe moja na mwanga mmoja, na hata hivyo vimechaguliwa na mpiga picha. Kunyamaza hapo hakukiachii kitu kiseme. Kunamwachia mpiga picha aseme peke yake. Tazama mchoro wa Sam Ntiro wa mwaka 1956, ulionunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Ntiro, mtu wa Kilimanjaro aliyefundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London, aliupa jina refu la Kiingereza linalosema kwamba hao ni wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jina hilo lenyewe ni maelezo binafsi, na aliyeyatoa ni mchoraji. Bila hilo, mtazamaji wa New York angeona msafara tu. Na hata akiwa nalo bado hajui kwamba pombe hiyo ni mbege, kwamba ina ulezi ndani yake, wala kwamba kuipeleka kwa wakwe ni tendo lenye uzito wa mkataba kati ya koo mbili. Mwandishi kutoka Kilimanjaro angeyasema hayo kwa mistari mitatu, na mchoro usingepungukiwa na uzuri hata kidogo.

Sisi wa upande huu wa dunia hatupaswi kuhitaji ushawishi mrefu juu ya hili. Kanga imekuwa ikivaliwa na maandishi yake tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. British Museum ya London ina kanga katika mkusanyo wake wa mtandaoni, na kutafsiri majina yake, yaani maandishi hayo, ni jambo jema lisilotosha. Jina la kanga huchapwa kiwandani kwa ajili ya maelfu ya watu wasiojuana. Linapata meno pale tu wifi, mke mwenza au jirani fulani anapolisoma kwenye mwili wa mtu fulani, siku fulani. Tafsiri inakupa maneno. Aliyeivaa ndiye anayeweza kukwambia alimlenga nani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukiufungua mlango kwa maelezo binafsi, wanasema, utapata hisia mahali pa elimu, na kila mtu atajimwagia yake. Hofu hiyo ina msingi, lakini inachanganya mambo mawili. Maelezo yanaweza kuwa binafsi kwa sababu yanamhusu msemaji, au kwa sababu yeye ndiye anayeyabebea dhamana. Ya aina ya kwanza hayana kazi kubwa hapa. Anayeandika kwamba kikapu kimemgusa moyo hajatwambia lolote juu ya kikapu. Ninayoyatetea ni ya aina ya pili. Fikiria habari ya fuvu la Mkwawa, ingawa fuvu si sanaa na kulitaja kando ya vikapu kunahitaji adabu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la mtawala huyo wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898. Halikurudi wakati huo. Miongo mitatu baadaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, akachagua fuvu moja kati ya yaliyokuwa katika makumbusho ya huko, akiongozwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa marehemu, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga, ambako liko hadi leo. Wapo wanaoutilia shaka uchaguzi ule. Shaka yao ina pa kushika kwa sababu inajulikana nani alichagua, na kwa kigezo gani. Lingefika na kibandiko kitupu chenye jina la Mkwawa, wenye shaka wasingekuwa na hoja, wangekuwa na manung'uniko tu. Kwa hiyo jina la msemaji haliifukuzi elimu mlangoni. Ndilo linaloipa elimu mahali pa kuanzia kujisahihisha. Kinachotakiwa ni masharti: mwandishi aseme alichokiona mwenyewe, alichosimuliwa na nani, na anachokikisia, na asivichanganye.

Linaloniumiza kichwa kwa kweli ni swali la tatu. Kwa nini Mbena wa leo, aliyesoma shule na kununua ndoo ya plastiki dukani, apewe neno juu ya chungu au kikapu kilichochukuliwa mwaka 1899? Kuzaliwa Njombe si ushahidi. Nakubali moja kwa moja, na nadhani watetezi wengi wa sauti za wenyeji hukosea hapa, kwa kuchukulia damu kama cheti. Kinachompa mtu haki ya kusikilizwa ni kujua jambo kwa njia inayoweza kuelezwa. Mfinyanzi wa Kikisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Ludewa, anaujua udongo kwa vidole vyake. Akionyeshwa picha ya chungu cha zamani anaweza kusema kilikuwa cha maji au cha kupikia, na kama masizi yaliyopo yametoka kwenye moto wa kukichomea au jikoni. Mfanyabiashara wa Makambako anajua jambo jingine kabisa. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya inakutana na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Anayeuza njia panda kama hiyo anaweza kueleza kwa nini vikapu vya milulu vinavyoitwa vya Iringa vinapata mishikio, rangi na vipimo vipya kwa sababu ya wanunuzi wa mijini, na kwa nini kikapu kile kile kinabadilishwa kabila kulingana na anayekiuliza. Hajui kilichotokea mwaka 1899. Lakini anajua jinsi jina la kabila linavyobandikwa juu ya kitu kinapofika sokoni, na ujuzi huo unamruhusu kumuuliza hata Fülleborn: neno "Wabena" au "Wakinga" ulilipata kwa msusi, kwa mpagazi wako, au kwa ramani uliyokuja nayo?

Hapo ndipo hoja inapogeuka kidogo. Anayetaka maelezo binafsi hatakiwi kulifuta neno la mkusanyaji. Anatakiwa kumrudishia mkusanyaji nafsi yake. Kumbukumbu isomeke kwamba kwa mujibu wa daktari fulani wa jeshi, mwaka fulani, hiki kilikuwa kitu fulani. Kisha chini yake mfinyanzi aseme lake, na mfanyabiashara lake, kila mmoja na tarehe yake. Wakipingana, wapingane hadharani. Ukuta wa makumbusho una nafasi ya maneno machache, kwa hiyo lazima mmoja ashinde. Mtandao hauna sababu hiyo. Una hatari yake, ya kugeuka lundo ambalo hakuna anayelisoma, na ndiyo maana mhifadhi hawezi kuachishwa kazi. Kazi yake inakuwa kupanga, kuhoji na kukataa yasiyo na msingi, na yeye pia aandike jina lake anapofanya hivyo.

Kuna jambo moja ambalo sauti isiyo na mwenyewe haiwezi kulifanya kamwe, nalo ni kukataa kusema. Kisanduku kitupu kwenye orodha husomeka kama ujinga: haijulikani. Mzee anayekijua kitu cha matambiko anaweza kuandika kwamba anakijua, anajua kilitumika wapi na kwa nini, na hataeleza hapa. Hayo ni maelezo kamili. Yanamwambia mtazamaji kwamba kitu hiki kina wenyewe na kwamba si kila kilichopigwa picha kimekubali kuonwa. Makumbusho inayopenda kuambiwa kila kitu italiona jibu hilo kama hasara. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa maelezo yenye habari nyingi zaidi ambayo mkusanyo unaweza kupata.

Kisha kuna suala la gharama, ambalo wanafalsafa hulipita haraka mno. Kukaa na picha mia moja na kuziandikia ni kazi. Mpiga picha alilipwa, aliyejenga hifadhidata alilipwa, msanifu wa tovuti alilipwa. Mfinyanzi wa Ludewa huombwa achangie. Hatachangia kwa Kijerumani, wala hapaswi. Mwaka 2018 kitabu cha Humboldt Lab Tanzania, kilichohusu vitu vya Tanzania vilivyoko Berlin, kilitoka kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimekwisha kuondolewa na Wajerumani wenyewe. Kilichobaki ni nauli, bando, malipo ya siku, na nafasi ya Kikisi, Kibena au Kikinga pale Kiswahili kinapokosa neno.

Makumbusho zenye vitu vya nyanda hizi ziongeze nafasi tatu kwenye kila kumbukumbu: nani anasema, anajuaje, alisema lini. Na wewe msomaji wa Njombe au Makambako, usisubiri nafasi hizo zifunguliwe. Ukikuta mtandaoni jembe la Wapangwa au chungu cha Wakisi, andika unachokijua, weka jina lako na tarehe, na usipoijua sehemu fulani sema hivyo waziwazi, ili mwingine wa Ludewa aijaze.