Daraja la Nadhiri

Masomo: Mhubiri 5:4–5, Luka 17:11–19



Mwezi wa Julai nilijaliwa kukaa siku mbili katika mji wa Venice, nchi ya Italia. Wengi wenu mmeuona katika picha: umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, barabara zake ni mifereji, na hata mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua. Jua lilikuwa kali, na wageni walikuwa wengi kama siafu. Lakini sikuandika barua hii ili niwasimulie uzuri wa majumba. Nataka kuwaambia habari za daraja moja tu, ambalo karibu mwaka mzima halipo.

Mwaka 1575 tauni iliingia Venice. Kabla haijaisha mwaka 1577, ilikuwa imeua watu zaidi ya 40,000, yaani zaidi ya robo ya wenyeji. Mali ya mji ilikuwa nyingi, merikebu zilikuwa nyingi, wala hazikufaa kitu. Basi mwezi wa Septemba 1576 wakuu wa mji wakaweka nadhiri mbele ya Mungu: watamjengea Kristo Mkombozi kanisa, na kila mwaka mtawala wao atakwenda huko kwa maandamano kutoa shukrani.

Mwaka uliofuata tauni ikakoma, na jiwe la msingi likawekwa katika kisiwa cha Giudecca, ng'ambo ya mfereji mpana. Mtawala aliyeweka nadhiri, Alvise Mocenigo, alifariki mwaka huo huo wa 1577. Mchora ramani wa kanisa, Andrea Palladio, alifariki mwaka 1580, kanisa halijaisha. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1592. Walioahidi walikuwa kaburini; waliobaki wakalipa.

Hata leo, kila Jumapili ya tatu ya Julai huadhimishwa sikukuu hiyo. Daraja linaloelea, refu kupita mita 300, hutandazwa juu ya maji mpaka mlangoni pa kanisa. Zamani liliundwa kwa mashua zilizofungwa pamoja. Utawala ule uliangushwa na Napoleon mwaka 1797, wala hakuna tena mtawala wa kuongoza maandamano. Watu wanavuka wenyewe. Jumamosi usiku nilivuka pamoja nao. Vijana walikuwa wakila na kuimba katika mashua, wakingoja fataki. Bila shaka wengine walifuata fataki tu. Lakini mbele yangu alikwenda bibi mzee, ameshika mkono wa mjukuu wake, polepole, macho yake mlangoni pa kanisa.

Hapo katikati ya daraja, ndugu zangu, moyo wangu ulinichoma. Miaka mingi iliyopita mtoto wangu aliugua sana. Usiku mmoja, nimeketi kwenye benchi nje ya wodi, nilimwambia Mungu: akipona huyu, kila Ijumaa nitakuja kuwaombea wagonjwa wa wodi hii. Mtoto akapona. Nilikwenda Ijumaa kwa muda wa miezi mitatu. Kisha kukawa na kikao, kisha harusi, kisha mvua, kisha nikaacha kutafuta hata sababu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Watu wa Venice wanakumbuka neno la mababu zao la miaka zaidi ya mia nne, na mimi nilisahau neno la kinywa changu mwenyewe.

Tusikosee hapa. Nadhiri si hongo, na Mungu hanunuliwi. Mwaka 1630 tauni iliwarudia watu wale wale. Hawakusema, "Sisi tulikwisha lipa, mbona tena?" Walijenga kanisa la pili, na lile la kwanza hawakuacha kulivukia. Shukrani haimfungi Mungu. Inatufunga sisi, tusije tukawa kama wale wakoma tisa ambao, walipotakaswa, hawakurudi kushukuru. Bwana wetu hakuwarudishia ukoma wao. Aliuliza tu wako wapi. Swali hilo ndilo lililonikuta darajani.

Waswahili husema, ahadi ni deni. Kila mmoja wetu anazo ahadi: za ubatizo, za kipaimara, za ndoa. Na wengine tunazo zile za siri, tulizozitoa usiku wa shida, mvua ilipokataa, mtoto alipochelewa kurudi, daktari alipotikisa kichwa. Hakuna aliyezisikia ila Mungu, na kwa hiyo ni rahisi kuziacha. Mhubiri anatuonya kwamba ni heri kutoahidi kuliko kuahidi na kukaa kimya.

Kama yako ni ya zamani, usione haya kuianza upya. Kama aliyeiweka ni mama yako, naye amelala, huenda wewe ndiwe wa kuitimiza. Mimi nimeanza kurudi wodini siku za Ijumaa, saa kumi. Mara ya kwanza muuguzi aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamjibu, "Nimekuja kulipa deni."

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo na iwe nanyi nyote.

Kasisi wenu