Msomaji Asiyejua

Jokofu la chanjo la zahanati limekufa, na afisa aliyeajiriwa miezi mitatu iliyopita katika halmashauri fulani ametakiwa kuandika dokezo kwa Mkurugenzi. Ana shahada, tena yenye alama nzuri tu. Anaanza na historia ya chanjo duniani, anashuka kwenye umuhimu wa chanjo kwa watoto, anafafanua aina tatu za majokofu, na kwenye ukurasa wa tatu, aya ya mwisho kabisa, ndipo anaposema kwamba jokofu halipozi tangu Jumatatu. Naomba kuwasilisha. Siku mbili baadaye jalada linarudi mezani kwake likiwa na maneno mawili ya kalamu: “Unaomba nini?”

Kisa ni cha kubuni, ila aliyewahi kukaa karibu na masijala hatakiona kigeni. Na kijana huyu hakuteleza kwa uvivu. Amefanya kilekile alichozoezwa kwa miaka mitatu.

Chuoni, mtu humwandikia anayejua zaidi yake. Mhadhiri hasomi insha ya majokofu ili ajue majokofu. Anasoma apime kama mwanafunzi anayajua. Kwa hiyo kuzunguka kunalipa. Kila fasili ni alama, kila nadharia inayotajwa ni ushahidi kwamba vitabu vimefunguliwa, na msomaji atavumilia mpaka nukta ya mwisho kwa sababu ndiyo kazi yake. Ofisini mambo yamepinduka. Mkurugenzi hajui kilichotokea zahanati. Anayejua ni mwandishi, lakini asiyejua ndiye mwenye mamlaka ya kusema fedha zitoke au zisitoke. Ujuzi uko chini, uamuzi uko juu, katikati kuna karatasi.

Wapo wanaosema kufundisha uandishi wa ofisini hakupaswi kukipotezea muda chuo kikuu. Barua rasmi hufundishwa sekondari, na chuo ni mahali pa kufikiri. Hoja yao ina uzito, iwapo kinachozungumzwa ni mahali pa kuweka Kumb. Na., anwani na Yah. Hayo mtumishi atayashika kwa wiki moja. Atashika pia ile sentensi maarufu, “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu,” ambayo humwamuru msomaji ahusike kabla hajaambiwa na nini, wala kwa sababu gani. Ni mlango mzuri usiofungua chumba chochote.

Lakini tatizo la afisa wetu halikuwa umbo la barua, bali kumsahau msomaji asiyeweza kumuuliza papo hapo. Karibu miaka 2,400 iliyopita, katika mazungumzo aliyoyaandika kwa jina la Phaedrus, mwanafalsafa Mgiriki Plato alimfanya Socrates alalamike kwamba maandishi hayawezi kujitetea: yakiulizwa hurudia jambo lilelile, yakionewa humhitaji baba yake aje kuyasaidia. Aliuona huo kuwa upungufu wa maandishi mbele ya mazungumzo ya ana kwa ana. Dokezo huishi na upungufu huo kila siku. Mwandishi yuko likizo Sumbawanga, jalada liko mbele ya mkaguzi, na hakuna wa kusema “nilimaanisha hivi.” Anayejua hivyo analazimika kujiuliza maswali ya msomaji kabla msomaji hajayauliza: jokofu lipi, gharama kiasi gani, nani anaumia, tukichelewa wiki mbili itakuwaje. Wengi hugundua hapo, kalamu mkononi, kwamba hata wao hawajui wanachoomba. Kama huko si kufikiri, basi neno hilo litafutiwe maana nyingine.

Ufasaha peke yake hautoshi pia. Septemba 1977 mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, jimboni Ohio, Marekani, ulipata hitilafu, na waendeshaji wakayakatiza mapema maji ya dharura ya kuupoza. Bert Dunn, mhandisi wa Babcock & Wilcox, kampuni iliyosanifu mtambo huo, aliandika dokezo Februari 1978 akitaka waendeshaji wa mitambo ya aina hiyo waelekezwe wasirudie kosa hilo. Ujumbe wake ulieleweka. Ukaingia katika mzunguko wa idara. Agosti idara nyingine ikaandika kuuliza jambo hilo limalizwe vipi, na swali likakaa. Tarehe 28 Machi 1979, katika mtambo wa aina hiyohiyo wa Three Mile Island, Pennsylvania, waendeshaji waliyapunguza maji hayo ya dharura wakiamini mtambo umejaa kupita kiasi. Karibu nusu ya kiini chake ikayeyuka. Karatasi ilikuwepo, tena yenye hoja sahihi, ila ilizunguka baina ya watu waliokwisha kujua. Walioshika valvu hawakuwahi kuiona.

Kwa Tanzania kuna fundo jingine. Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa kiwe lugha ya mahakama pia, lakini vyuo vikuu vimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mhitimu anafika kazini akiwa amezoea msomaji mwingine na lugha nyingine. Anajua neno la kitaalamu kwa Kiingereza. Namna ya kumweleza diwani jambo hilohilo kwa Kiswahili, bila kumdharau wala kumchosha, hakuna aliyemfundisha.

Je, darasa linaweza kumleta msomaji asiyejua? Kwa shida. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ingekuwa nafasi nzuri, ila mara nyingi hugeuka historia ya taasisi, muundo wa uongozi, changamoto na mapendekezo, ikaishia kabatini. Afadhali mwanafunzi apewe kuandika muhtasari wa kikao halisi, hata kiwe cha chama cha wanafunzi. Kikao kijacho, kabla ya kufika kwenye yatokanayo, muhtasari huo utasomwa ili uthibitishwe, na mtu atanyoosha mkono: “Mimi sikusema hivyo.” Alama A haimsaidii mwandishi hapo.

Afisa wetu aliandika upya, nusu ukurasa. Jokofu limekufa tangu Jumatatu. Chanjo zimehamishiwa kituo cha jirani, kilomita 17. Akina mama waliokuja kliniki na watoto wamerudishwa. Fundi anataka shilingi 680,000. Anaomba idhini ya malipo kabla ya Ijumaa. Jalada lilirudi jioni ileile. Safari hii Mkurugenzi alikuwa na swali jingine: “Ankara kifani za mafundi wengine ziko wapi?” Hakuwa nazo. Akachukua simu.